Kaseti ya Baba na Dansi la Kariakoo

Katika mdahalo wa muhula uliopita ilitolewa hoja kwamba mtu mwenye nyimbo zote za bendi katika simu yake hana haja ya kulipa kiingilio kwenda kuitazama bendi hiyo ikipiga. Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti wa mdahalo hasemi lake, kwa hiyo nilirudi nyumbani Bangwe jioni ile maneno yamenijaa kifuani. Mhariri wa jarida letu alipopata habari hiyo akaniambia niyaandike. Ndiyo haya.

Msemaji mmoja wa Kidato cha Tatu alisema maneno ambayo yaliwachekesha wote ukumbini, nami nikacheka pia. Alisema: "Wimbo ni ule ule, na mwimbaji ni yule yule. Kilichozidi huko ni jasho na nauli." Sikumkasirikia hata kidogo, maana katika umri wake nami niliamini hivyo hivyo. Naliamini zaidi kuliko yeye, na imani hiyo ilinifanya nitende jambo ambalo mpaka leo nalijutia.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Alianza kwa kuajiriwa katika kipe cha mtu, na baadaye akawa na kipe chake. Kwa wale wasomaji ambao kwao si huku ziwani, kipe ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, na kati yake huteremshwa wavu. Taa huwashwa, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, kisha wavu huvutwa. Kazi hii hutaka giza. Siku za mbalamwezi wavuvi hukaa nyumbani, na hizo ndizo siku ambazo sisi watoto tulimjua baba.

Siku hizo alitoa redio kaseti yake na kuiweka juu ya kigoda mlangoni. Alikuwa na kaseti moja aliyoipenda kuliko zote, ya dakika 60, aliyoirekodi mwenyewe mwaka 1984 kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo karibu zote zilikuwa za Mlimani Park, bendi ambayo watu huiita Sikinde. Baba hakuwahi kuiona. Hakuwahi hata kufika Dar es Salaam. Lakini aliwajua waimbaji kwa sauti zao kama ajuavyo wavuvi wenzake gizani, na akisema, "Huyu Bitchuka, huyu Gurumo," hakukosea.

Betri za redio, ambazo sisi twaziita mawe, zilikuwa ghali. Zikichoka tulizianika juani, zikapata nguvu kidogo, zikarudi kazini. Ili kuziokoa, kaseti haikurudishwa nyuma kwa mashine bali kwa kalamu ya Bic, na kazi ya kuizungusha ilikuwa yangu. Kwa hiyo nyimbo zile nilizisikia mara nyingi mno, tena nyingi kati ya hizo nilizisikia katika redio yenye mawe yaliyokaribia kufa. Niliziona kuwa nyimbo za wazee: nzito, za polepole, za watu waliochoka. Jambo moja tu lilinishangaza. Redioni, wimbo ulipokaribia mwisho, sauti ya mtangazaji iliingia juu yake na kutaja jina la bendi, na muziki ukafifia. Baba hakusimama hapo. Aliendelea kupiga vidole juu ya goti muda mrefu, kaseti iko kimya, mpaka wimbo unaofuata ulipoanza. Nilidhani ni mazoea ya uzee, ingawa wakati ule hakuwa mzee.

Mwaka 2001 nilikuwa Kidato cha Pili. Nyimbo za kizazi kipya zilikuwa zimeshika kila mahali, na mimi sikuwa na senti ya kununulia kaseti tupu. Usiku mmoja wa giza, baba yuko ziwani, nilichukua ile kaseti yake, nikaweka vipande vya karatasi katika matundu yake mawili ya juu ili ikubali kurekodi, nikafuta upande wa pili wote. Nusu saa nzima ya Sikinde nikaibadilisha kwa nyimbo ambazo leo siwezi kuzitaja hata tatu. Niliwaza hivi: upande wa kwanza umebaki, nyimbo zenyewe zinafanana, hatajua. Hakusema neno. Basi nikaamini kwamba hakujua.

Mwaka 2007 nilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa kwanza. Mjomba wangu aliyekaa Ilala alinialika chakula cha Jumapili, na baada ya kula akasema, "Twende nikakuonyeshe jiji. Vaa viatu vinavyoteleza." Sikumwelewa mpaka tulipoingia katika ukumbi mmoja wa Kariakoo na kuona watu wazima, wanaume kwa wanawake, wakikokota nyayo juu ya sakafu ya saruji kana kwamba wanaipiga pasi. Jukwaani walikuwa Sikinde.

Nitasema kweli, saa ya kwanza sikupendezwa. Watu walikuwa wachache, vipaza sauti vilikoroma, na waimbaji nisiowajua waliimba nyimbo nisizozijua. Nilianza kuhesabu nauli ya kurudi chuoni. Ndipo ulipopigwa wimbo wa tatu wa kaseti ya baba, upande wa kwanza. Jina lake sitalitaja, maana kila mzee wa Kigoma atasema bora ni mwingine, na jarida litajaa barua.

Jambo la kwanza nililolitambua ni kwamba wimbo ulikuwa unakwenda mbio. Niligeuka kwa mjomba nikamwambia, "Mbona wanauharakisha?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Huu ndio mwendo wake," akasema. Miaka yote ile nilikuwa nimesikiliza mawe yaliyochoka! Waimbaji niliowadhania kuwa wazee wenye majonzi walikuwa vijana waliochangamka walipourekodi, na redio yetu ndiyo iliyowazeesha.

La pili lilikuwa magitaa. Katika kaseti nilisikia gitaa moja lililokuwa likizungumza maneno mengi. Pale ukumbini nikaona kwamba ni mawili, la solo na la pili, na nyuma yao la tatu la rithimu lililokuwa likishona bila kupumzika. Mpigaji wa solo alikuwa upande wa kushoto, mwenzake kulia. Mmoja aliuliza na mwingine akajibu, na wakati mwingine yule wa pili alidakia kabla swali halijaisha, wakachekeana. Redio yetu ilikuwa na spika moja, na watu wote wale walipita katika tundu moja kama kondoo katika mlango wa zizi. Macho yangu ndiyo yaliyoyafundisha masikio kuwatenganisha. Nilipofumba macho baadaye bado niliwasikia kuwa wawili.

Tarumbeta na saksafoni sina maneno ya kuzieleza. Katika kaseti zilikuwa kama mbu. Pale zilinigonga kifuani.

Kisha wimbo ulibadilika. Nyimbo nyingi za dansi la Kitanzania huanza kwa utulivu ili watu wasikie hadithi, maana watunzi wetu ni wasimulizi wa mambo ya ndoa, jirani, wosia na umaskini. Baadaye mwendo huongezeka, maneno hupungua, na vyombo hushika uongozi. Sehemu hiyo wenyewe huiita chemko. Ilipoanza, waliokuwa wamekaa walisimama. Nami nikasubiri mahali ambapo nilipajua vizuri, mahali pa sauti ya mtangazaji. Pakafika, na pakapita! Hakuna aliyefifisha chochote. Mpigaji wa solo aliinua kichwa akatazama sakafuni, akaona kwamba miguu haijachoka, akaanza upya. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Hapo nikafahamu kwamba urefu wa wimbo ule haukuamuliwa na mtunzi wala na mkuu wa bendi, bali na nyayo za watu waliolipa kiingilio. Nilitazama saa yangu ulipokwisha: dakika kumi na saba. Katika kaseti haufiki sita.

Baadaye nilisoma habari za bendi hizi na mambo mengi yakanyooka. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na jina Sikinde ni la ngoma ya Wazaramo, kama vile Msondo wa wapinzani wao, waliotokana na bendi ya NUTA ya mwaka 1964, ulivyo jina la ngoma. Katika miaka hiyo bendi haikuishi kwa kuuza santuri. Iliishi kwa mlango wa ukumbi. Wimbo mpya ulipigwa kwanza kwa watu, ukasuguliwa, ukaongezwa hapa na kupunguzwa pale, na ulipokwisha kukomaa ndipo ulipopelekwa studio ya redio kurekodiwa, bila mchezaji hata mmoja mbele yao. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja huchukua dakika tatu au nne hivi. Wimbo mrefu ulikatwa katikati: hadithi upande wa kwanza, chemko upande wa pili, na mwenye gramafoni akainuka kugeuza santuri mahali pale pale ambapo mchezaji ukumbini angekuwa anavua koti. Santuri kubwa ilipata nafasi zaidi, na ndiyo maana Franco wa Kinshasa aliweza kuuacha wimbo kama "Mario" wa mwaka 1985 utembee kwa nafasi yake.

Kwa hiyo namjibu yule kijana wa Kidato cha Tatu: wimbo si ule ule. Kilicho katika simu yako ni barua iliyotoka kwenye dansi. Barua ni kitu kizuri, na mtu aliye Kigoma hana budi kuishi kwa barua. Lakini aliyewahi kumwona mwandishi akisema huisoma barua ile ile kwa sauti nyingine.

Sitaki mtu adhani kwamba nasema dansi siku zote hushinda santuri. La hasha. Wanamuziki wa Uingereza waitwao Beatles waliacha kufanya maonyesho ya kulipia baada ya lile la San Francisco la tarehe 29 Agosti 1966. Mashabiki wao walipiga kelele kiasi kwamba wao wenyewe hawakuweza kujisikia wakipiga. Wakaingia studio, na huko wakatengeneza nyimbo ambazo zisingewezekana jukwaani kwa vyombo vya siku zile. Kwao santuri ilikuwa ndiyo mlo wenyewe. Kinyume chake ni James Brown wa Marekani: mwaka 1962 mwenye kampuni yake ya santuri alikataa kulipia kurekodi onyesho katika ukumbi wa Apollo, New York, kwa kuwa nyimbo zilikuwa zile zile za zamani. Brown akalipa kwa fedha zake. Santuri hiyo ilitoka mwaka 1963 ikauzwa sana. Watu walinunua nyimbo walizokwisha kuwa nazo ili wasikie kile kilichotokea kati ya mwimbaji na watu wake. Mwenye kampuni alikuwa wa maoni ya Kidato cha Tatu.

Tena nimewahi kwenda kusikiliza bendi nyingine, sitaitaja, ambayo albamu yao niliipenda mno, nikarudi nimeipoteza. Walipiga kama watu wanaolipa deni. Tangu siku hiyo nikiisikia albamu hiyo nawaona nyuso zao, nami huizima. Hiyo nayo ni hasara ya kweli, na msemaji wa upande wa hoja angeitaja ningempa alama.

Likizo ya mwaka ule nilirudi kwa garimoshi, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na sikumbuki nililala. Nilishuka Kigoma, nikapita soko la Mwanga kununua mawe mapya manne, nikafika Bangwe magharibi. Kwa bahati ilikuwa mbalamwezi na baba yupo. Nilimsalimu, nikala, nikatia mawe katika redio, nikaweka kaseti.

Wimbo ulipoanza baba alishtuka. "Umeifanya nini?" akauliza. Nikamwambia kwamba sikuifanya kitu, ni mawe tu, na kwamba nimewasikia wenyewe kwa masikio yangu na huo ndio mwendo wao. Nikamweleza habari za magitaa mawili. Alinyamaza, akainama akaweka sikio karibu na spika kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Mimi niliyasikia yote mawili waziwazi katika tundu lile lile moja ambalo kwa miaka kumi na tano lilinipa moja. Sijui kama yeye aliyasikia. Alisema, "Endelea." Nikamweleza habari za tarumbeta, na za viatu vinavyoteleza, na za yule mpigaji aliyetazama miguu ya watu.

Ikaingia sauti ya mtangazaji. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimkasirikia mtangazaji yule, maana nilijua anafunga mlango wakati watu ndio kwanza wanasimama. Nikamwambia baba, "Hapa ndipo dansi linapoanza. Hapa wamekukata dakika zaidi ya kumi."

Vidole vyake vilikuwa bado vinapiga juu ya goti. Akasema, "Twajua."

Nikamwuliza, wajua namna gani, nawe hukuwahi kufika?

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Redio ile ilikuwa ikienda ziwani pamoja nao. (Wako waliosema kwamba kelele hufukuza dagaa, naye aliwajibu kwamba dagaa wa Bangwe wote ni wa Sikinde.) Alfajiri, wavu umekwisha kuvutwa, wakirudi pwani kwa kasia, waliweka kaseti. Na mtangazaji alipoukata wimbo, wao hawakuukata. Kasia zilikuwa zimekwisha kushika mwendo, na mtu hawezi kuacha kasia katikati ya maji. Basi mmoja alipiga debe, mwingine ubao wa mtumbwi, mmoja alifanya tarumbeta kwa mdomo, wakaendelea hadi mchanga. "Siku ya upepo mbaya," akasema, "wimbo mmoja ulitufikisha kutoka mbali sana. Hao wenzio wa Kariakoo walitazama miguu. Sisi tulitazama taa za Bangwe."

Nilikaa kimya. Nilikwenda Dar es Salaam kuupata mwisho wa wimbo, kumbe ulikuwa ukipigwa kila alfajiri umbali mfupi kutoka kitandani kwangu, nami nimelala.

Ndipo nilipokiri habari za upande wa pili. Nilisema kwa shida. Nilimwambia kwamba zamani nilidhani nimefuta nyimbo, lakini sasa najua nimefuta kitu ambacho wanaume sita walikuwa wakirudia nacho nyumbani. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Niligeuza kaseti usiku uliofuata," akasema. "Tukasikia vijana wako wanafoka. Tukajaribu kupigia kasia, hazikushika."

"Mbona hukunichapa, baba?"

"Nikuchape kwa wimbo ambao mimi nami niliuchukua redioni bila kuomba?"

Siku hizi baba haendi ziwani. Nyimbo za upande wa pili tumezitafuta mimi na yeye, yeye akizitaja kwa kumbukumbu na mimi nikizitafuta, ndiyo, kwa simu. Tumepata tano katika sita. Wa sita hakumbuki jina, wala hana hakika kama ni wa Sikinde. Anachokumbuka ni tarumbeta mbili zinazoanza pamoja, kisha moja inanyamaza na kuiacha nyingine peke yake, na waimbaji wanaingia kwa sauti ya chini sana kama wanaogopa kuamsha mtu. Wenzake wa kipe waliupenda kwa kurudia usiku wa mawimbi. Mzazi yeyote anayesoma jarida hili akidhani anaujua, tafadhali asiniandikie. Aje Bangwe jioni yoyote, aulize nyumba ya Mwalimu wa Jiografia, amwimbie baba mwenyewe.